Kompyuta Iliyolazwa Ubavu Katumba

Nilitumwa Mpanda kwa sababu moja tu: katika ofisi yetu ya afya pale Tabora, mimi ndiye niliyejua kuiwasha kompyuta bila kumwita mtu. Ilikuwa miaka ya tisini, karibu na mwisho wake, na Mpanda bado ilikuwa wilaya ya mkoa wa Rukwa. Tulikuwa tumeletewa programu ya kupimia macho ya watoto wa shule. Kioo kinaonyesha herufi E, moja baada ya nyingine, mara miguu yake imeelekea juu, mara chini, mara kulia, mara kushoto. Mtoto anasimama mbali, anaonyesha kwa mkono upande ilikoelekea miguu, mimi nabonyeza kitufe cha upande huo. Herufi zinazidi kuwa ndogo mpaka mashine yenyewe inatoa hukumu: macho mazima, au apelekwe hospitali. Wakubwa walitaka kujua kama jambo hilo linawezekana mashuleni, mbali na mjini. Mimi, kusema kweli, nilitaka kusifiwa.

Kulipopambazuka tulikuwa tumeshaiacha Kaliua, na treni ilikuwa ikijikokota katika misitu ya Ugalla. Kila iliposimama watu walileta asali, kwenye madumu na kwenye chupa, hadi behewa zima likanukia nta. Kioo cha kompyuta nilikuwa nimekiviringisha ndani ya godoro langu mwenyewe, nikakipakata kama mgonjwa. Mbele yangu alikaa Msukuma mmoja wa makamo aliyekuwa anahamia Mpanda na familia yake. Ng'ombe walikuwa wametangulia kwa miguu pamoja na wanawe wakubwa. Alipojua kwamba mimi ni Mzaramo, sikupumzika tena.

"Mtani, hiyo maiti unakwenda kuizika wapi?"

"Si maiti. Ni mashine ya kupimia macho."

"Mzaramo na macho wapi na wapi! Nyie si mnaona wali tu? Ng'ombe akipita mnamwamkia shikamoo."

Behewa likaangua kicheko. Nikamwambia kwamba nikifika nitaanza na macho ya ng'ombe wake, maana kwa mwenye mali kama yeye lazima watakuwa wamepotea njia. Akanimiminia asali kwenye kikombe, tukaendelea kutukanana kwa amani mpaka mwisho wa reli.

Mpanda nilipokewa na Bi Skola, muuguzi wa macho, mama mnene mwenye sauti ya kwaya. Nyumba yake ilikuwa mtaa wa Nsemulwa, na chakula cha jioni kilikuwa ugali na migebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika. Alinionyesha mali zake: sanduku la lenzi za kupimia na boksi la miwani kuukuu iliyotolewa msaada. Kwa muda mrefu alikuwa amepima watoto kwa bango la karatasi lililochakaa, kwa hiyo aliizunguka kompyuta yangu kama mtu anayekagua mbuzi mnadani.

"Ikisema mtoto haoni, mimi nitamtafutia miwani," alisema. "Ikikosea je?"

"Haikosei," nilimjibu. Nilikuwa sijawahi kuitumia nje ya ofisi.

Asubuhi yake tulipanda gari kwenda Katumba, kwenye makazi ya Warundi waliokimbilia nchini mwaka sabini na mbili. Barabara ilipita katikati ya mahindi na tumbaku, na mabani ya kukaushia tumbaku yalikuwa yakitoa moshi taratibu. Shuleni tulimkuta Mwalimu Mkuu, Mwalimu Zakaria, amevaa tai, na wanafunzi wamepangwa mistari iliyonyooka.

"Nimewaandaa tangu jana," aliniambia kwa fahari. "Nimewaambia, kesho kuna mtihani wa macho, na asifeli mtu!"

Nilicheka. Sikuona ubaya wowote katika maneno hayo.

Kabla hatujaanza, mzazi mmoja alikuja akimshika mkono binti yake wa darasa la nne. Aliitwa Mzee Yoramu, mkulima wa tumbaku, na binti ni Odeta. Alivua kofia, akasalimia kwa adabu, kisha akaeleza shida yake bila kuzunguka.

"Huyu mtoto hanakili ubaoni. Mwalimu analalamika. Nyumbani nako majirani wanalalamika, anawapita wakubwa bila kuwasalimia, wanasema namlea kwa kiburi. Sasa nyie mna mashine. Kama macho yake ni mabovu, mtaniambia. Kama ni mazima, basi huo ni uvivu. Atabaki nyumbani, tumbaku inataka watu."

Odeta aliangalia chini. Nilimwambia baba yake kwamba baada ya saa chache tu atapata jibu la uhakika. Nilipenda sana neno hilo, uhakika.

Tulifunga mapazia ya kanga kwenye darasa moja, jenereta likawashwa nje, kazi ikaanza. Kila mtoto alipoingia, programu ilianza upya. Ilikwenda vizuri kupita nilivyotarajia. Watoto walinyoosha mikono haraka, juu, kulia, chini, bila kusita, na mashine ikatoa hukumu ileile: mzima, mzima, mzima. Nje, waliokuwa wakisubiri walikuwa wameanza mchezo wa kupiga makofi na kuimba: "Juu, kulia, chini, chini, kushoto, juu!" Nilimwambia Bi Skola kwamba watoto wa hapa wana furaha, mpaka wametungia wimbo kazi yetu.  Yeye alikuwa akiliangalia boksi lake la miwani, ambalo lilikuwa halijafunguliwa.

Zamu ya Odeta ilipofika nilitega macho. Alisimama kwenye mstari wa chaki, akafunika jicho moja, akanyoosha mkono. Hakukosa hata herufi moja. Hata zile ndogo kabisa, ambazo mimi mwenyewe nilizikazia macho, alizipata zote.

Nikatoka nje nikamwambia baba yake: macho ya binti yako ni mazima.

Mzee Yoramu alivaa kofia yake. "Basi nimejua," alisema. "Asanteni. Amalize wiki hii, halafu arudi nyumbani." Odeta alikuwa amesimama nyuma yake akitabasamu, na tabasamu lile likafifia polepole, kama mtu aliyeshinda mchezo kisha akaambiwa ameshindwa. Lilinikera, ila sikujua kwa nini.

Mchana tulikaa kivulini nyuma ya jiko la shule kula maharage. Odeta alipita na ndoo ya maji kichwani. Alitupita karibu sana, mimi na Bi Skola, wageni wawili wenye makoti meupe ambao shule nzima ilikuwa ikiwaamkia tangu asubuhi, na hakusema neno. Bi Skola akasema tu, "Ndoo hiyo nzito, mama." Mtoto alishtuka kwa ile sauti, akaitua ndoo, akapiga magoti. "Shikamooni! Nisameheni, sikujua kama kuna watu."

Kijiko kilibaki mkononi mwangu. Kiburi gani hicho kinachopiga magoti? Na upande wa darasani makofi yalikuwa yanaendelea: juu, kulia, chini, chini, kushoto, juu. Hapo ndipo nilipousikiliza ule wimbo kwa mara ya kwanza.

Niliinuka nikaenda kuiwasha programu, nikaiangalia peke yangu. Juu, kulia, chini, chini, kushoto, juu. Mpangilio ulikuwa uleule kwa kila mtoto. Aliyeitengeneza hakufikiria kwamba kuna shule ambako darasa zima hujifunza kwa kuimba pamoja, na ambako anayejua jibu hamwachi mwenzake afeli. Aliyeingia kwanza alitoka na majibu, akayaimba, wenzake wakayapokea. Hawakumwibia mtu. Waliambiwa asifeli mtu, na kweli hakufeli mtu.

Kuibadilisha programu sikujua. Lakini kioo nilikijua uzito wake, maana nilikuwa nimekipakata tangu Tabora. Nilikilaza ubavu juu ya meza, nikakiegemeza kwa matofali mawili. Sasa herufi iliyopaswa kutazama juu ilitazama kulia.

"Umeiangusha?" Mwalimu Zakaria aliuliza.

"Nimeilaza. Naomba Odeta aje tena, na baba yake."

Odeta alisimama kwenye chaki. Herufi ya kwanza ilikuwa kubwa kama sahani. Alinyoosha mkono juu. Ya pili, kulia. Ya tatu, chini. Aliimba wimbo wote kwa mkono wake, taratibu, mbele ya baba yake aliyekuwa akiona wazi kabisa kwamba kila jibu ni la uongo.

"Odeta," nilimwita kwa upole, "unaiona hiyo herufi?"

Akashusha mkono. "Naona mwanga tu." Halafu akaanza kulia. "Nilijua nikifeli na mtihani huu, nitaachishwa shule."

Mzee Yoramu aliketi kwenye dawati la watoto, magoti yakamfika kifuani. "Mana yanje," alisema. "Mungu wangu. Nilimchapa kwa ajili ya salamu." Alirudia maneno hayo mara kadhaa. Mimi nilikuwa nimemwambia macho ni mazima, kwa hiyo nilijisikia mdogo kuliko wote mle ndani.

Bi Skola ndiye aliyefungua boksi. Alibadilisha lenzi mbele ya macho ya mtoto, akapekua, akatoa miwani ya kiume yenye fremu nene nyeusi. Ilimpwaya, tukaifunga kwa uzi kisogoni. Odeta alisogea mlangoni akatazama ng'ambo ya uwanja.

"Yule anayepita kule ni Mama Benita," alisema, kama anayeuliza.

"Ndiye, jirani yetu," baba yake alijibu.

Kesho yake tuliwapima tena wote, kioo kikiwa ubavu na baadaye miguu juu, na mashine ikaanza kusema kweli. Boksi la Bi Skola lilipungua. Mwalimu Zakaria aliwakusanya wanafunzi akawatangazia upya kwamba hakuna mtihani wowote. Asiyeona aseme haoni, hatachekwa.

Siku ya kurudi nilifika stesheni ya Mpanda na godoro langu. Mzee Yoramu naye alikuwapo mjini. Alikuwa amemleta binti kwa Bi Skola ili apate miwani inayomtosha kabla ya kurudi darasani, ingawa ilikuwa haijapatikana, na wote walikuja kunisindikiza. Nikiwa nimeshaketi ndani nilikuwa nikipanga maneno ya taarifa yangu: programu ibadilishe mpangilio kwa kila mtoto, neno mtihani lisitajwe kabisa, na kabla ya kuiamini mashine, mpimaji awaulize majirani wanamlalamikia nini mtoto. Hayo ndiyo niliyojifunza, na wakubwa wangu waliyapokea, ingawa sifa hawakunipa.

Treni ilipoanza kwenda nilichungulia dirishani. Odeta alikuwa akitembea kandokando ya reli na ile miwani yake mikubwa, akimwamkia kila mtu aliyemwona: wabeba mizigo, wauza asali, polisi, mabibi waliokuwa mwisho kabisa wa jukwaa. Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Wengine walishangaa kuamkiwa kutoka mbali vile. Baba yake alimfuata nyuma, kofia mkononi, na hakumzuia.