Mpigaji Niliyemgeuza Kushoto

Nilianza kufundisha softiboli kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kuifundisha. Mimi ni Msamia wa Masafu, mwalimu wa hesabu katika shule ya bweni ya wasichana, nje kidogo ya Busia, upande wa Uganda. Sekondari nilisoma ng'ambo, Kenya, ambako marehemu baba alikuwa na kazi, na huko nilicheza kama mdakaji asiye na sifa yoyote ila ya kutoogopa mpira. Mwalimu mkuu alipolijua hilo alinikabidhi gunia lenye magongo manne, glavu tisa na mipira iliyochubuka, akasema anataka kikombe. Kikombe sikumletea. Lakini nilimpata msichana mmoja.

Alikuwa kidato cha pili, mwembamba, mkimya, mtu wa Paya kule Tororo. Alilelewa na nyanya yake, mkulima, na kazi yake ya utotoni ilikuwa kufukuza ndege kwenye mpunga kuanzia asubuhi mpaka jua linapozama. Nadhani ndipo miguu yake ilipofunzwa. Shuleni petu hakuna aliyeweza kumshika. Ila katika softiboli mtu hupiga kwanza ndipo akimbie, na kupiga kulimshinda. Alishika gongo kwa kulia kama wenzake, mpira ukaviringika polepole ndani ya uwanja, mchezaji wa upande wa pili akauokota na kuutupa kwenye kituo cha kwanza, ambako mpigaji hukimbilia. Mpira ulifika kabla yake kila mara, naye akatolewa akiwa amebakiza hatua moja tu.

Hatua hiyo moja ilininyima raha. Jioni moja nilibaki uwanjani peke yangu, nikapima kwa miguu. Anayepiga kwa kulia husimama upande ulio mbali na kituo cha kwanza, na akishapiga, mwili wake huzungukia kusiko. Lazima ajigeuze ndipo akimbie. Anayepiga kwa kushoto yuko karibu zaidi kwa hatua karibu mbili, na pigo lenyewe linamsukuma anakokwenda. Nilipima mara tatu. Nikaondoka pale nikitembea kama mtu aliyeokota kitu njiani.

Kosa langu lilikuwa haraka. Kesho yake nilimwita mbele ya wenzake, nikamgeuza, nikamwambia kuanzia leo mkono wa kushoto ndio utakaa juu kwenye gongo. Sikumweleza sababu. Akapiga hewa mara kumi, na mara ya kumi na moja gongo likamponyoka likaenda kuanguka karibu na tangi la maji. Wenzake walicheka mpaka wakakaa chini. Yeye akaliokota gongo, akalirudisha guniani. Siku iliyofuata hakuja mazoezini, wala siku ya tatu.

Nilimkuta nyuma ya jiko la shule akifua sare ambayo tayari ilikuwa safi. Nilidhani ameona aibu. Nilipomuuliza aliikamua sare, halafu akasema, "Madamu, nyumbani nikimpa nyanya kitu kwa mkono wa kushoto, hakipokei. Sasa nitamwambia nini?"

Jambo hilo halikuwa limenipitia akilini, ingawa mimi pia nililelewa hivyohivyo. Nikamwambia basi tutamuuliza mwenyewe.

Jumamosi tulipanda bodaboda, mimi, yeye na gongo moja, tukaenda Paya. Tulimkuta nyanya kwenye shamba la karanga. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita watu walio mbali. Mimi sijui Kidhopadhola na yeye hajui Kisamia, kwa hiyo tuliongea Kiswahili cha mpakani, kile cha sokoni. Alitukaribisha nyumbani kando ya shamba, akatupa karanga za kuchemsha, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaliomba gongo. Akalipima mkononi, akamwambia mjukuu wake apige kwa kulia tumwone, halafu kwa kushoto. Aliposhika kwa kushoto alionekana kama mtu anayejaribu kufagia dari. Nyanya akacheka, nami nikapumua.

Akainuka, akachukua jembe lake lililokuwa limeegemea ukuta. Akatuonyesha: mkono wa kulia mbele, karibu na chuma, akakata magugu mara mbili, kisha akabadilisha, wa kushoto mbele, akakata mara mbili. Hakukuwa na tofauti yoyote.

"Mkono ya kupa mtu ni hii ya kulia," alisema. "Hiyo mimi sibadili. Lakini ya kulima ni yote mbili. Nikilima upande moja tu, mgongo nakatika."

Msichana akauliza kama kupiga mpira ni kama kulima. Nyanya akamtazama kana kwamba swali hilo ni la mtu asiyelala vizuri.

"Kwani unampa nani kitu? Unapiga. Likizo ukuje, magugu yote utalima na kushoto."

Sitaficha kwamba magugu yenyewe yalikuwa mengi sana, na huenda bibi yule aliona faida mbili kwa mpigo mmoja.

Likizo ilianguka katikati ya palizi. Nilipompigia simu wiki ya pili, nyanya aliniambia mjukuu wake analima vibaya kuliko mtoto, kwamba amekata mashina kadhaa ya karanga, na kwamba shangazi zake wakipita njiani wanasimama kumwangalia. Lakini jembe hajalibadilisha. Wiki ya tatu aliniambia kwa kifupi kwamba sasa analima kama mtu.

Shule ilipofunguliwa alikuja na sugu mpya kwenye kiganja cha kushoto, akanionyesha kabla hata hajanisalimu. Sikumtaka apige kwa nguvu. Nilimfundisha kuugusa mpira tu, kuusukuma chini huku mguu wake wa kwanza umeshaanza safari. Tulitumia mipira ya soksi, kisha ile ya kweli. Wale waliomcheka ndio waliomrushia kila jioni, na mwisho wa mwezi walianza kuniomba niwageuze na wao.

Mechi yetu ilikuwa ng'ambo, na shule ambayo hatujawahi kuifunga. Tulivuka mpaka kwa miguu, wasichana kumi na tano kwa mstari na barua ya shule. Afisa mmoja alifungua gunia, akatoa gongo, akauliza kwa upole tunakwenda kupigana na nani. Nahodha wetu akamjibu kwamba ni Wakenya, lakini tutarudi kabla ya chakula cha jioni. Akatugongea mihuri huku akitabasamu.

Mara ya kwanza msichana wangu alipoingia kupiga, alikosa mipira mitatu mfululizo akatoka. Mrushaji wao alikuwa msichana mrefu, mwenye mkono mkali. Nilimwona mchezaji wangu akiitazama mikono yake, nikaogopa kwamba atajirudisha kulia. Mara ya pili alisimama palepale kushoto, mpira ukaja, akaugusa. Ulidunda mara mbili kwenye majani. Yule wa kuuokota alipoinua kichwa amtafute wa kumtoa, mtu wangu alikuwa ameshasimama juu ya kituo cha kwanza, akiangalia huku na huku kama mgeni aliyeshuka mahali asipopajua. Hakuwahi kufika pale kwa miguu yake mwenyewe katika mechi.

Tulifika zamu ya mwisho tukiwa sare. Mwenzake mmoja alikuwa kituo cha tatu, wawili walikuwa wameshatolewa, na wa kupiga alikuwa yeye. Akitolewa, zamu yetu imekwisha. Wapinzani walisogea karibu kwa sababu sasa walimjua. Mrushaji akarusha, naye safari hii hakuugusa tu. Aliupiga kwa mkato, chinichini, ukapita kando ya mguu wa yule aliyesogea mno. Mpinzani huyo aliufukuzia nyuma, akautupa kituo cha kwanza. Mpira na msichana walifika karibu pamoja, na mwamuzi akatandaza mikono yote miwili: amefika. Wa kituo cha tatu alikuwa ameshaingia pale pa kupigia, ambapo ndipo pointi hupatikana. Tulishinda kwa pointi moja.

Nilikimbia uwanjani, mwalimu mzima wa hesabu, na viatu nikaviacha sijui wapi. Wasichana walikuwa wamemrundikia mwenzao, naye alikuwa chini kabisa, akicheka kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Kisha yule mrushaji mrefu akaja akamwomba amwonyeshe kupiga kwa kushoto. Msichana wangu akamgeuza, akampangia mikono kwa subira, akamwambia aanze na mguu kabla ya gongo. Mrushaji akapiga hewa, akazunguka, akakaa chini. Timu zote mbili zikapanga foleni kujaribu kushoto. Mwalimu wao alijaribu, akakosa mara nne. Nilipoitwa mimi niliugusa mpira, nikakimbia pekupeku kuelekea kituo cha kwanza, nikateleza katikati ya njia. Wakenya na Waganda walinishangilia pamoja. Tulichelewa kuvuka, na bwenini tulikuta maharage yamepoa.