Miguu ya Mama Mkwe

Joram simpendi, na sitajifanya nampenda. Lakini habari hii ni ya Mokami, acha nianze naye.

Mokami alizaliwa Ringwani, akaolewa Kerende, akafiwa na mume kabla hajafika miaka arobaini. Dada yake naye alipofariki, alimchukua mtoto wake, Agness, akamlea kwa uji wa ulezi na maziwa mpaka akaolewa. Ng'ombe wa mahari waliingia boma la Mokami, na aliyewaleta ni huyuhuyu Joram. Leo mama ana miaka sitini na moja. Hapa Matongo tunafua ovaroli za wachimbaji, yeye, mimi na wanawake wengine tisa, na meneja wetu ni Joram.

Kwetu mwanamume hamgusi mama mkwe wake. Hawapeani mikono, hawakai benchi moja, wakikutana njiani mmoja hupisha. Joram akija kukagua, Mokami hujibanza nyuma ya kamba za nguo mpaka apite. Hiyo ni heshima, na haikumsumbua mtu mpaka miguu ya Mokami ilipoanza kuoza.

Tunasimama kwenye maji ya sabuni kutwa, na ndala tu miguuni. Ngozi ya katikati ya vidole vyake ilichunika, visigino vikapasuka, kucha mbili zikang'oka. Zahanati wakamwambia avae gambuti, la sivyo atapoteza vidole. Kwa kuwa hawezi kwenda kusimama mbele ya mkwe wake, alinituma mimi. Nilienda mara tatu.

Mara ya tatu Joram aliweka kalamu chini. "Tabitha, mlango wangu uko wazi kwa kila mtu. Mwenye shida aje mwenyewe."

"Bosi, unajua hawezi kuja. Ni mama mkwe wako yule."

"Kazini hakuna ukwe. Kuna utaratibu."

Nilitoka nimeuma meno. Alijua vizuri kabisa. Heshima ya mama wa watu ndiyo aliyoifanya komeo la mlango wake.

Ndipo akaenda Mwanza, semina ya siku tatu: uongozi wa Yesu kwa meneja wa kisasa. Akarudi na fulana, daftari, na sauti mpya ya kuvuta maneno. Kila asubuhi tukalishwa Injili kabla ya kugusa sabuni. Vibarua wa shamba la mizabibu, kwa maelezo yake, wanatufundisha kwamba anayenung'unika hana shukrani. Mchungaji mwema huwajua kondoo wake kwa majina, akasema, na hapohapo akamwita Robi, mfuaji mwenzetu, kwa jina la Gladys. Mimi sina ugomvi na Injili, kwaya naimba. Ugomvi wangu ni na mtu anayeisoma kama anatafuta kiti cha kukalia.

Ijumaa moja mkurugenzi wa kampuni alikuja na mpiga picha. Joram akajifunga taulo jipya kiunoni, akashika beseni, akatangaza kwamba kiongozi ni mtumishi, na leo atamtawadha miguu mfanyakazi wake.

"Chukua yule mama mzee kule nyuma," mkurugenzi akasema.

Joram alikuwa na neno moja tu la kusema: yule ni mama mkwe wangu. Mkurugenzi angechagua mwingine, yakaisha. Hakulisema. Aliona aibu mbele ya mgeni, hakuona aibu mbele ya mama. Akaenda, akapiga magoti, akamshika mguu.

Robi alipiga ukunga. Mokami alijifunika uso kwa kanga. Maji ya beseni yakaanza kuingia wekundu, na mpiga picha akashusha kamera yake.

"Vidonda hivi amevipata wapi?" mkurugenzi akauliza. Joram alikuwa anaangalia taulo.

Kosa la namna hiyo haliishi kwa kusema samahani. Jumapili Joram alikuja Kerende na baba yake mdogo, mzee Marwa, wakiburuta mbuzi wa kuondoa aibu. Wakakaa nje ya boma, jua kali. Mokami akanituma getini, safari hii kwa furaha yangu yote.

"Shikamoo, mzee Marwa. Mama anasema mbuzi mrudi naye. Anataka gambuti, jozi kumi na moja. Zisipokuja, Agness harudi kwake."

Agness alikuwa ndani tangu Ijumaa.

"Lakini mimi nilikuwa nafuata Injili," Joram akasema.

"Nyamaza," mzee Marwa akamwambia. "Umemshika mama mkwe mguu mbele ya kamera. Ukirudi nyumbani utapika mwenyewe."

Jumatano gambuti zilifika. Joram mwenyewe alizipanga mstari, akatoa simu, akatuita tuje tupigwe picha, Mokami akae mbele. Huyu mtu hafundishiki.

Mokami hakutoka nyuma ya kamba. Lakini alimsemesha Joram mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu siku ya mahari:

"Mkwe, piga picha za gambuti. Miguu yangu umeshaiona."

Joram akarudisha simu mfukoni. Nikampelekea mama jozi yake kulekule nyuma, akavaa polepole, akikilinda kidole kimoja kilichofungwa bandeji. Kisha tukafungulia maji.