Daftari la Nyimbo za Yaya

Yaya yangu, dada yangu mkubwa, mzaliwa wa kwanza wa mama, alikuwa na miaka minne katika ndoa alipopatwa na ukoma. Mume wake alikuwa fundi cherehani katika soko la Baraka, na ndiye aliyeyaona madoa mgongoni mwa yaya kabla ya mwenyewe kuyaona. Walificha. Kisha siku moja yaya alishika chungu cha moto kwa mkono wa kushoto, akakibeba hadi mezani, ngozi ikanuka kuungua, naye hakujua lolote. Mama alikuwepo. Tangu hapo haikufichika tena. Wakampeleka kwenye kambi ya wagonjwa, kwenye vilima vya njia ya kupanda Fizi, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na minane, nimemaliza shule ya misheni, nangoja kuposwa. Kila Jumamosi mama alinituma na unga wa muhogo na ndagala wakavu, dagaa wa ziwani kwetu. Nilisimama upande huu wa ua wa matete, yaya upande wa pili. Mwanzoni aliniuliza habari za watu: nani amezaa, nani amevuka kwenda Ubwari. Miezi ilipopita akaacha watu, akabaki na nyimbo.

Shemeji alikuwa na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono. Jumapili baada ya ibada walikuwa wakicheza barazani, yeye na yaya, na watu wakisimama barabarani kuwatazama. Nyimbo zilikuwa za Kilingala, kutoka Leopoldville. Shemeji alikijua kwa sababu alijifunza kushona katika kambi ya askari, ambako ndicho kilichosemwa, naye akamfundisha mke wake.

“Uniletee maneno,” yaya aliniambia. “Sauti niko nayo. Maneno ndiyo inanitoroka.”

Nikanunua daftari, nikaenda kusimama mlangoni kwa shemeji. Aliiona kalamu mkononi mwangu, akaweka santuri, ikaimba mpaka mwisho. Akairudisha mwanzo. Akairudisha tena. Nilipofunga daftari alirudi kwenye cherehani yake, nami nikaondoka. Hivyo ndivyo tulivyofanya karibu mwaka mzima, bila kutaja jina la mgonjwa.

Kule uani nilimsomea yaya, yeye akarekebisha Kilingala changu kibovu. Kisha akaniamuru niandike chini ya kila wimbo. “Andika hapa: hii tulicheza siku mvua ilibomoa jiko.” “Hapa andika: hii nilikuwa ninaimba wakati wa mimba ile ilitoka.” Vidole vyake havikuweza tena kushika kalamu. Mzee mmoja wa milimani, mgonjwa mwenzake, mchungaji wa ng’ombe na mlokole, alituambia kwamba nyimbo za dunia ni dhambi. Alituambia hivyo kila Jumamosi, na kila Jumamosi alisogeza kiti chake karibu zaidi.

Wakati wa kiangazi shemeji alioa mke mwingine. Sikumchukia jinsi nilivyotaka. Ndugu zake walimsukuma, na alikuwa mtu wa kusukumwa. Harusi ilifanyika barazani palepale, gramafoni ikalia mchana kutwa. Bibi arusi alitolewa nje kwa wimbo mpya ambao hatukuwa tumewahi kuusikia Baraka, mwanamume akimsihi mpenzi wake asimgeuzie uso. Niliuandika wote. Sijui kwa nini.

Jumamosi ile yaya alikuwa amekwisha kusikia. Habari hupanda mlima haraka kuliko chakula.

“Walimutoa na wimbo gani?”

“Yaya, tuache hiyo.”

“Mi nakuuliza. Wimbo gani?”

Nikafungua ukurasa mtupu nikajifanya nasoma. Nilibuni maneno papo hapo, kitu kuhusu ndege na mto. Alinisikiliza kwa makini, kichwa amekiinamisha.

“Sasa imba.”

Nilijaribu. Sauti pekee iliyonijia ilikuwa ya wimbo wa Noeli wa kanisani. Mzee wa ng’ombe akatazama chini. Yaya alicheka kidogo, kicheko kikavu.

“Hata we unanihurumia,” alisema. “Basi mi nimekufa kweli.”

Sijawahi kuona aibu kama ile. Nikageuza ukurasa, nikamwimbia wimbo wenyewe, neno kwa neno. Mara ya pili aliimba pamoja nami. Mara ya tatu nilinyamaza, akaimba peke yake mpaka mwisho, wala hakukosea.

“Iko muzuri,” alisema. “Amechagua vizuri. Uniachie hiyo daftari.”

Nikaipitisha kati ya matete. Jumamosi iliyofuata hakutokea uani. Wala ile nyingine. Mzee alipokea unga kwa niaba yake na kuniambia kwamba anakula kidogo, haongei, haimbi. Mvua zilipoanza alishikwa na homa, akafa siku ya tatu. Walimzika hukohuko mlimani, na vitu vyake vikachomwa siku hiyohiyo kama ilivyokuwa desturi ya kambi: mkeka, vikwembe viwili vya kujifunga, daftari.

Shemeji alikuja matangani kwetu siku ya pili. Hakuna aliyempa kiti. Alisimama kando ya jiko mpaka nilipopita na maji.

“Aliniachia neno?” aliuliza.

Mama alikuwa anatusikia.

“Aliuliza wimbo wa harusi yako,” nilimwambia. “Nilimupatia. Akaimba.”

Aliweka mkono kwenye ukuta kama mtu aliyeteleza. Kisha akachukua kofia yake akashuka kuelekea sokoni katika mvua. Mama alinipokea ndoo, akamimina maji kwenye sufuria, akaniambia nikaongeze kuni.