Mgongo Ulioningoja Kila Jumamosi

Habari ilinifikia Jumanne asubuhi katika kundi la WhatsApp la kanisa, kati ya tangazo la mazoezi ya kwaya na picha ya mtoto aliyeombewa: yule mama msusi wa vyondo, nje kidogo ya mji wa Wote, amepumzika. Wengine waliandika "poleni" papo hapo. Mimi niliandika, nikafuta, nikaandika tena, nikitafuta neno lisilo na kasoro, mpaka mazungumzo yakahamia kwenye mipango ya mazishi. Sikutuma kitu. Ninyi mnaonisoma hapa mara kwa mara mnaujua ugonjwa wangu huu. Leo nataka kueleza ulichomfanyia mtu.

Nilimfahamu nilipokwenda kuandika habari za vyondo, vikapu vyetu vya katani, nikamwita Mwaitu, kama tunavyowaita mama zetu Ukambani. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa saratani ya titi na tezi za kwapa la kushoto zikaondolewa. Tangu hapo mkono ule ulikuwa ukijaa maji, mzito, hata kuushika uzi wa katani ikawa kazi. Muuguzi alimfundisha kujikanda, na namna yake ilinishangaza, maana hakuanzia mkononi. Alianza shingoni, juu ya mtulinga, akaenda kwenye kwapa zima la kulia, kisha kifuani, begani, na vidole vikaja mwisho kabisa. Hakuna mafuta, hakuna nguvu. Kiganja kinaivuta ngozi taratibu, kama anayembembeleza mtoto alale. "Wewe si ni mtoto wa mkulima?" aliniuliza. "Mtaro ukijaa maji shambani, unaanza kuchimba wapi?" Nikasema pale maji yaliposimama. "Aiya! Utabomoa tuta. Unazibua kwanza kule chini maji yanakokwenda, halafu yenyewe yatakuja." Nilirudi nyumbani nikasoma kwa simu kila nilichopata kuhusu limfu, maji ya mwili yasiyo na moyo wa kuyasukuma kama damu, na yote yalikubaliana na mtaro wake.

Tatizo lilikuwa mgongo. Nyuma ya bega hakuweza kufika, na Mungu alimpa wana wa kiume tu. Kwetu mama havui nguo mbele ya mwanawe hata akiwa mgonjwa. Akaniomba mimi, mwanamke mwenzake. Kila Jumamosi aliweka stuli mbili sebuleni, yake na yangu nyuma yake. Jirani yake, mama mwenye mikono iliyozoea kutwanga mahindi ya muthokoi kinuni, alikuwa akiingia bila hodi kutucheka. "Hiyo ni masaji ama unafuta vumbi? Masaji lazima mtu alie!" Mwaitu akajibu bila kugeuka, "Ningetaka kutwangwa ningezaliwa muthokoi." Tulicheka hadi nikasahau nilipofika. Baadaye alisuka mizunguko michache ya kiondo, akauinua mkono nione jinsi bangili ilivyolegea.

Jumamosi moja nilikuta mkono una joto kama sufuria iliyo jikoni, ngozi imebadilika rangi, naye anatetemeka kwa homa. Nilikuwa nimesoma kwamba mkono ulioingiwa na maambukizi haukandwi. Nikakataa kumgusa, tukaenda hospitali, akatibiwa, akapona. Hilo nilifanya vizuri, wala halinisumbui. Kinachonisumbua ni simu ambayo Mwaitu alinipigia baada ya daktari kumruhusu kuendelea kukandwa. Nilimwambia nataka kwanza kujifunza vizuri, nisije nikamdhuru. "Jifunze, mwanangu," alisema, "lakini ukuje Jumamosi." Sikwenda. Kulikuwa na video nyingine ya kutazama, kozi nyingine ya kujiandikisha. Miezi ikapita. Tahadhari iliyokuwa sahihi siku moja niliigeuza nyumba ya kujificha.

Kilichomchukua ni ugonjwa wenyewe, uliorudi. Kukandwa hakungeuzuia, na sitaki msomaji yeyote adhani hivyo. Kulimpa wepesi wa mkono kwa siku mbili tatu, na kulala vizuri, na wepesi huo ndio niliomnyima. Huku kwetu tunaamini tiba ni ile inayouma: sindano, dawa chungu, mkandaji anayekutoa machozi. Upole tunauona mchezo. Nilijiona nimewazidi wengine kwa kuuelewa, kumbe niliugeuza mtihani, na mtihani nikauogopa.

Kwenye mazishi, jirani yule alinivuta kando, karibu na sufuria za chakula. "Mimi ndio nilikuwa nakuja Jumamosi," alisema. Nikamuuliza alijifunza wapi. "Nijifunzie wapi? Nilikuwa nakosea, ananipiga kofi la paja, 'Punguza! Punguza!' Tunacheka, tunaanza tena." Kisha akashusha sauti. "Alikuwa anakuuliza. Nikamwambia uko na kazi mingi." Alidanganya kwa ajili yangu, na nadhani Mwaitu alijua.

Nilimwomba anionyeshe. Alinigeuza palepale, akaweka viganja mgongoni mwangu, juu ya gauni la mazishi. Vilikuwa vizito kupita kiasi, na vilikwenda haraka kuliko video zote nilizotazama. Sikumsahihisha. Nimejifunza nikiwa nimechelewa kwamba mtu anayekungoja hangoji ukamilike. Anangoja tu uje ukae kwenye ile stuli ya pili.