Sanduku la Dada

Dada yangu si mtu wa kubabaika. Amelea watoto wanne na kuuguza mama mkwe mwenye kisirani, na hakuna aliyemsikia akilalamika. Lakini tangu mumewe aanzishiwe dawa ya moyo, ile ya kuzuia damu isigande, kichwa chake kimekuwa vurugu tupu.

Shemeji ni seremala. Daktari alimruhusu arudi kazini, ila akaonya kwamba hata akijikata kidogo damu itachelewa kukata, kwa hiyo karakana lazima iwe na sanduku la huduma ya kwanza. Shemeji alicheka. Dada hakucheka. Alisema mumewe hatagusa msumeno mpaka sanduku likamilike, na angelikamilisha yeye mwenyewe.

Hapo ndipo alipochanganyikiwa. Jirani alimwambia aweke pamba. Muuzaji wa duka la dawa akasema pamba inanasa kwenye kidonda, achukue vile vitambaa vyeupe vilivyofungwa kwenye pakiti. Bandeji nazo zilikuwa za kuvutika na zisizovutika, pana na nyembamba, akabeba zote. Fundi rangi, ambaye hujifanya anajua kila kitu isipokuwa kumaliza kazi ya mtu kwa wakati, akamshauri aongeze vidonge vya maumivu. Mimi na dada tukavinunua kioskini, tukarudi duka la dawa kuuliza kama sasa tumekamilika.

"Hivi hapana, mama!" yule muuzaji akashtuka. "Hivi navyo vinazuia damu kuganda. Akivimeza juu ya dawa yake, utamzidishia kutoka damu."

Dada akavitazama, kisha akanitazama mimi. "Mdogo wangu, humu ndani kuna kingine cha kumuua?"

Nikavitupa vile vidonge. Nilikasirika sana, na mpaka leo sijui nilimkasirikia nani.

Shemeji aliporudi kazini tulilibeba sanduku hadi karakanani. Alilifungua, akatikisa kichwa, akalifunga. Kisha ghafla akashika mkono wake wa kushoto.

"Uwii, mke wangu, nimejikata! Nisaidie!"

Hapakuwa na damu wala nini. Ni utani wake tu wa kila siku. Lakini dada alishalifungua sanduku. Akatoa glovu, akaziacha. Akashika mkasi, akashika plasta, akarudisha vyote. Nilitaka kumtukana shemeji, heshima ikanizuia.

"Sijui nianze na nini," dada akasema, machozi yanamtoka. "Nimenunua kila kitu na sijui nianze na nini."

Utani ulimwisha shemeji palepale. Akakaa kwenye benchi lake la kazi, akachana pakiti moja, akamwekea kitambaa kiganjani na kumnyooshea mkono.

"Daktari alisema kwanza ni kukandamiza. Kandamiza hapa, usiachie."

Dada akakandamiza kwa mikono miwili, kwa nguvu zake zote, meno ameyauma. Nilisubiri mmoja wao acheke, hakucheka mtu. Vidole vya shemeji vikaanza kubadilika rangi.

"Basi, mama watoto," akasema taratibu. "Damu imekata."

"Bado," dada akajibu, na hakuachia.