Foleni ya Ukurasa wa Arobaini na Moja

Jumanne, tarehe tisa Julai, miaka ile kambi ya wakimbizi ya Lukole ikiwa bado imejaa watu, nilipoteza kazi yangu ya kwanza ya kutengeneza faharasa, suruali yangu moja nzuri, na ile sifa ya upole niliyokuwa nayo tangu utoto, vyote kabla ya saa sita mchana, mbele ya watu ambao mpaka leo tukikutana gulioni wananiuliza kama mablanketi yameshafika. Naona aibu kuisimulia, lakini ikisimuliwa na wengine huwa mbaya zaidi, kwa hiyo bora niseme mwenyewe.

Faharasa, kwa asiyeijua (mimi nilikuwa siijui mpaka nilipopewa kazi yake), ni ile orodha ya majina mwisho wa kitabu inayokuambia fulani yuko ukurasa gani. Mwalimu Bonifasi, mstaafu wa hapa kwetu Ngara, alikuwa ameandika historia ya kata yetu mpaka miaka ya wakimbizi, na wachapaji wa Mwanza wakamwambia kitabu cha heshima hakikosi faharasa. Akanikumbuka mimi. Nimeishia la saba, lakini nilikuwa nimefanya ukarani kambini, kuandika majina kwenye kadi na kuyapanga kwa herufi, mpaka mkataba ukaisha. "Si kazi ileile?" akasema. "Majina ni majina." Nami nikaona nimepata kazi ya maisha, isiyo na bosi wala kengele, nikaandika kwa chaki mlangoni FUNDI FAHARASA, na wiki hiyohiyo nikaletewa karabai mbili na redio moja.

Kazi yenyewe niliipenda. Nilikata kadi kutoka maboksi ya mafuta ya kula ya kambini, jina moja kadi moja, kurasa zake pembeni, nikazipanga kwenye nyungo mbili za marehemu mke wangu. Leokadia alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, kwa homa ya siku nne, binti yetu Restituta ameshaolewa mbali, na nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia kadi zikigusana. Nilipofika ukurasa wa arobaini na moja nikakuta imeandikwa kwamba wakati wakimbizi wanavuka, mama mmoja wa njia panda aliwapa maji ya kunywa wote waliopita, bila kuwauliza wametoka upande gani. Mama mmoja! Huyo ni Leokadia. Nilimwona kwa macho yangu akichota ndoo baada ya ndoo (na mimi, niseme ukweli, nikinung'unika kwamba tutapikia nini).

Nikaenda kwa Mwalimu.

"Shikamoo, Mwalimu. Yule mama wa ukurasa wa arobaini na moja ana jina. Ni Leokadia."

"Marahaba. Kila mtu ana jina. Shahidi nani?"

"Mimi."

"Wewe ni mumewe. Nataka wawili, wasiwe ndugu. Ijumaa natuma kitabu Mwanza. Ukiwaleta, ataingia. Usipowaleta, atabaki mama mmoja."

Mwalimu alikuwa mzee wa baraza mahakama ya mwanzo kwa miaka mingi, na kitabu kizima alikiandika hivyo: hakuna jina lililoingia bila mashahidi wawili. Sikuweza kumlaumu. Ila majirani wa wakati ule walikuwa wametawanyika, na kupiga hodi mlango kwa mlango nikiomba watu wamkumbuke mke wangu niliona kama kuomba kura. Ndipo nikaamua kitu kidogo tu. Nikanakili faharasa yote kwa mkono mzuri, kurasa tatu, na kwenye herufi M nikaandika: "Mama aliyetoa maji, 41. Anayemjua aje anione Jumanne saa nne." Jumatatu jioni nikaibandika ukutani pa ofisi ya kata (sitaitaja ni kata gani, mtendaji wake bado yu hai na ana kumbukumbu nzuri). Watu wasahihishe majina yao, nikajiambia, na shahidi ajitokeze.

Sasa nani kati yenu, katika miaka ile, aliona ukutani pa ofisi orodha ya majina yenye namba pembeni, akafikiri ni kitabu? Mimi tu, mtu niliyeandika orodha za mgao miaka miwili.

Nilipofika saa nne nilikuta watu zaidi ya mia, na magunia, na madumu, na mama mmoja kaja na mkokoteni, kila namba wameihesabu mgao mmoja, wengi wakisema ni mablanketi. Ilikuwa siku ya gulio, kwa hiyo hata wakimbizi wa Lukole waliokuja kuuza mahindi ya mgao walikuwamo. Mtendaji wa kata, ambaye hakuwa na habari yoyote lakini asingekubali ionekane hivyo, alikuwa ameshapanga foleni tatu: wenye namba moja kule, wenye mbili au tatu hapa, wenye nyingi mbele.

"Fundi," akaninong'oneza kwa hasira, "mimi mtendaji mnaniandikia namba moja, na yule mganga namba tano? Orodha hii kaipitisha nani?"

(Namba yake moja ilikuwa ukurasa wa kalavati lililobomoka kabla ya kuzinduliwa. Sikumwambia.)

"Siyo mgao, mheshimiwa. Ni kurasa."

"Kurasa za nini?"

"Za kitabu."

Mzee mmoja kwenye foleni akadakia, "Na hicho kitabu kinagawa nini?"

"Hakigawi kitu, mzee wangu."

"Basi mganga atapata vitano vya nini?"

Nikapanda kwenye benchi ili nieleze. Nilieleza vizuri sana, kuhusu herufi na kadi na maboksi ya mafuta, na kadiri nilivyoeleza ndivyo foleni ilivyosogea mbele, maana kambini anayepanda juu ya benchi ndiye mwenye ufunguo wa stoo. Mama mmoja akainua mkono: "Mimi ndiye mama wa maji!" Mwingine akamsukuma: "Wewe? Kisima kwenu tangu lini?" Kufumba na kufumbua walikuwa kumi na wanne, niliwahesabu, kila mmoja ana dumu na kila mmoja anaapa kwa jina la mwanawe.

Hapo ndipo niliharibu kabisa. Mimi ambaye msibani kwangu sikutoa sauti, nikapiga kelele iliyosikika mpaka kwenye mabanda ya nyama: "Waongo! Wote waongo! Mama wa maji amekufa! Nimemzika mimi!" Benchi likapinduka, msumari ukaichana suruali kutoka mfukoni mpaka gotini, nami nikakaa chini kwenye vumbi nalia kama mtoto, nikishika suruali kwa mikono miwili.

Nikainua macho nikamwona Mwalimu Bonifasi amesimama na baiskeli yake, anasoma kitabu chake ukutani.

Mama mmoja Mrundi akaweka gunia lake chini. "Kikombe kilikuwa cha kijani," akasema. "Hakikuwa na mkono. Alikuwa anatuambia, buhoro, buhoro, polepole, msije mkapaliwa."

"Jina lake?" Mwalimu akauliza.

"Sikumuuliza. Nilikuwa na kiu."

"Huyo ni mmoja," akasema Mwalimu, na kidole kimoja juu.

Kutoka kwa wale kumi na wanne akajitenga Mama Adela, ambaye shamba lake limepakana na langu, anaangalia chini. "Mimi siye mama wa maji. Nilifikiri ni mablanketi. Kile kikombe nilikivunja mkono mimi, nilikiazima. Ni cha Leokadia, mke wa huyu."

"Mheshimiwa, huyu ametoka kudanganya sasa hivi!" mtendaji akasema.

"Nimesikia," Mwalimu akajibu. "Ila sasa amesema lisilompa blanketi. Namwamini." Akainua kidole cha pili. Kisha akabandua karatasi zangu, akazikunja mfukoni. "Mkeo ameingia, Baba Restituta. Wewe umetoka. Na faharasa pia imetoka, sitaki foleni nyingine."

Nikarudi nyumbani nimejifunga gunia kiunoni, nikafuta chaki mlangoni, na tangu siku hiyo sijabandika karatasi ukutani popote, hata tangazo la mbuzi aliyepotea.

Kitabu kilikuja Desemba. Ukurasa wa arobaini na moja una jina lake, ila kwa kuwa hakina faharasa, watu wote wanakuja kwangu kuulizia kurasa zao, nami nawajibu kwa kichwa, bure. Jumapili baada ya misa alikuja Mama Adela na nakala ya kuazima.

"Mimi niko wapi, Baba Restituta?"

"Haumo, mama."

"Na Leokadia?"

"Arobaini na moja."

Akakaa kwenye kigoda, akaanza ukurasa wa kwanza kujitafuta mwenyewe, akifungua mmoja mmoja, akilamba kidole. Sikumharakisha.