Ijumaa Mbili Alizokosa Zawadi

Ijumaa nyumbani kwetu ilinukia klorini. Akina dada walikuja nayo mikononi, kutoka kwenye vyoo na sakafu walizosugua wiki nzima, na hata mama alipotia iliki kwenye chai harufu ile haikwisha. Tuliishi Bani Malik, Jeddah, ghorofa ya tatu. Mama alikuwa muuguzi, baba dereva wa kampuni, nami nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Ilikuwa miaka ile mawakala walipokuwa wakiwaleta wasichana kutoka Kenya kwa makundi. Waliobahatika kupewa nusu siku ya mapumziko walikaa kwenye zulia letu, Wakristo kwa Waislamu, wakisukana nywele, wakicheka, wengine wakilia. Umoja wao waliuita Udugu.

Dada Zawadi aliletwa na mwenzake baada ya Ramadhani. Alifanya kazi kwenye jumba moja Al-Hamra, karibu na bahari, na alikuwa mtu wa maswali.

"Mama Nuru, nikijiunga nitarajie nini?" alimuuliza mama.

"Tarajia kuchoka," mama akamjibu. "Ijumaa yako haitakuwa yako tena. Utaenda kumwona mgonjwa usiyemjua. Utapatanishwa na mtu usiyempenda. Na utakayoyasikia humu utayaacha humu."

"Na nisipojiunga?"

"Chai yetu utakunywa vilevile."

Zawadi akacheka, akasema atafikiria.

Ijumaa iliyofuata hakuja. Ya pili pia hakuja, na simu yake haikupatikana. Dada mmoja akasema, bila ubaya wowote, "Lakini huyu bado si mwenzetu. Tukienda kugonga mlango wa kafili wake, huyo tajiri aliyemdhamini, na madam zetu wasikie, ni sisi tutakaorudishwa nyumbani." Nilimtazama mama nikitaka akasirike. Hakukasirika. "Ni kweli," alisema. "Basi nitaenda mimi." Akavaa abaya yake.

Baba alitupeleka kwa gari. Mlinzi wa jumba, Mkenya mwenzetu, alitazama huku na huku kabla ya kusema. "Mafi, hawapo. Wamehamia Riyadh kumuuguza bibi yao, mtaa wa Al-Murabba. Msichana wameondoka naye. Aliungua mkono kwa mafuta, vibaya, na simu madam alimnyang'anya."

Mama akampigia Bi Mwanaisha, mwana-Udugu aliyesafisha ofisi huko Al-Murabba. Siku nne Bi Mwanaisha aliulizia kwa walinzi wa majengo. Siku ya tano alibisha mlango akiwa na kikapu cha tende, akasema amekuja kumjulia hali mgonjwa. Aliyefungua ni Zawadi. Mkono wake ulikuwa umefungwa kitambaa cha jikoni, na ulikuwa unanuka. Bi Mwanaisha hakugombana na mtu. Aliketi karibu na yule bibi, akamweleza kwa Kiarabu chake cha kuokoteza, na bibi mwenyewe ndiye aliyemwita mwanawe akamwamuru ampeleke msichana hospitali, yalla, leo hii.

Vidole viwili havikunyooka tena. Aliporudi Jeddah, miezi mitatu baadaye, Zawadi aliketi kwenye zulia akasema, "Mama Nuru, nimefikiria. Niandikeni."

"Tulishakuandika," mama akamwambia. "Ile Ijumaa ya pili uliyokosa."

Yule dada aliyepinga siku ile aliushika mkono wa Zawadi, akalia kwa sauti mbele yetu sote.

Sasa ninaishi Nairobi, kwenye jengo lenye lifti na kamera. Chuoni nilijiunga na vyama viwili vya wasichana, vyenye fulana na viapo, na sivisemi vibaya, tulifurahi sana. Lakini mwaka jana jirani yangu wa mlango wa pili hakuonekana kwa siku tisa. Nilijiambia amesafiri, na isitoshe hatujuani vizuri, nikawa napita tu. Baadaye askari wa getini aliniambia alikuwa mgonjwa humo ndani, na kwamba aliyemshusha hadi kwenye gari ni dereva wa teksi, ambaye mgonjwa alimwita mwenyewe. Jumapili hiyo mama alinipigia simu na, kama kawaida yake, akaniuliza kama majirani hawajambo. Nikamwambia hawajambo.